Nyati Ni Nyati Tu

Duka la fotokopi lililo nyuma ya mahakama lina mashine tatu, na Jumamosi hiyo mbili zilikuwa mbovu. Iliyobaki ilikuwa inahudumia mji mzima: wanafunzi wenye vyeti, mama mwenye hati ya kiwanja, na kwaya iliyotaka nyimbo zake nakala arobaini, tena sasa hivi. Mwenye duka alishaacha kujibu salamu tangu saa tatu asubuhi. Alikuwa anapokea karatasi kwa mkono huu na kutoa kwa mkono ule, na zikichanganyika hapo katikati, hilo ni shauri lenu.

Zilichanganyika za watu wawili. Mmoja alikuwa mwanamume mrefu, shati lake jeupe limejaa vumbi la plasta mpaka viwikoni, maana kazi yake ni kutengeneza meno ya bandia na alikuwa ametoka karakana moja kwa moja. Mwingine alikuwa mwanamke wa gauni la bluu lenye mifuko mikubwa, na miwani ya fremu nyekundu aliyojichagulia mwenyewe, kwa kuwa yeye ni mpima macho. Mwanamume akamkanyaga mwanamke mguu, akaiomba radhi mashine. Mwanamke akacheka. Mwanamume akaona aibu, akachukua rundo lililokuwa karibu, akaondoka haraka. Basi ndivyo walivyokutana. Ningependa kusema palikuwa na muziki, lakini palikuwa na harufu ya wino tu na mtu aliyekuwa akigombana juu ya zamu.

Alipofika kwake, Fundi Meno, kama wenzake wa karakana wanavyomwita, aligundua kwamba karatasi sita za juu si zake. Ya kwanza ilikuwa na kichwa cha herufi kubwa: Darasa la Vijana, Somo la Sita, Alama za Kikristo katika Hadithi za Kubuni za Siku Hizi. Chini yake palikuwa na maelezo kwamba mfano wa leo ni vitabu vitatu vya Nyati wa Lango, vilivyoandikwa na Mtu wa Kando.

Mimi sipendi kumzungusha msomaji, kwa hiyo niseme mapema: Mtu wa Kando alikuwa yeye mwenyewe. Kila siku saa kumi na moja alfajiri, kabla ya kwenda kwenye meno ya watu, alikaa mezani akaandika habari za mji uliozungukwa na ukuta, watoto kumi na wawili waliokimbia vita, na nyati anayesema, mlinzi wa lango la mji huo. Mwisho wa kitabu cha kwanza nyati anachomwa mkuki wa ubavuni ili watoto wapite. Siku mbili analala amekufa. Asubuhi ya tatu anafumbua macho, na neno lake la kwanza ni swali: "Wameshakula?" Vijana walipofika hapo walilia kwenye mabasi na madarasani. Mwandishi ni nani, hakuna aliyejua isipokuwa mchapishaji wake.

Alisoma somo lile amesimama, kalamu nyekundu mkononi. Mkuki wa ubavuni, lilisema somo, unatukumbusha Msalaba. Akaandika pembeni kwamba nyati ana ngozi ngumu kila mahali na ubavuni ndiko mkuki unakoingia. Watoto kumi na wawili ni mitume. Akaandika kwamba walikuwa kumi na wanne, ila wawili alikuwa anawasahau kila sura, akaona awafute. Halafu akashtuka kuwa anajitaja, akakata mstari wote kwa wino mwingi. Siku ya tatu ni ufufuo. Akaandika kwamba siku ya pili ingekuwa mapema mno na ya nne wangeshamzika. Lile swali la nyati, somo lilifananisha na Bwana aliyefufuka, aliyesimama kando ya ziwa akawauliza wanafunzi wake kama wana chochote cha kula. Hapo aliandika kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka: Anauliza kwa sababu wana njaa.

Chini kabisa palikuwa na namba ya simu na maneno "Kwa maswali". Maswali alikuwa nayo.

"Naongea na mwenye Somo la Sita?"

"Na wewe bila shaka ndiye uliyeondoka na karatasi zangu, ukaniachia kurasa tisa za habari za nta na plasta."

"Hizo nazihitaji. Ila kwanza nikuulize, huyu nyati kosa lake nini?"

"Kosa gani?"

"Kwa nini asiwe nyati tu? Ana pembe, ana kwato, anakula majani. Lazima awe mtu mwingine?"

"Kaka, umelisoma somo langu lote?"

"Mara mbili."

"Vijana wangu hawalisomi hata mara moja. Njoo Jumatatu dukani, mtaa wa maduka ya dawa, mlango wenye picha ya jicho. Na hasira zako uje nazo, nataka kuziona."

Alikwenda. Alikuwa amevaa shati safi, jambo ambalo karakana nzima ililiona. Mpima Macho akampa karatasi zake za nta na plasta, kisha akamkalisha kwenye kile kiti kirefu kama mteja, akamsomesha herufi za ukutani, akamwambia jicho lake la kushoto ni bovu na ndiyo sababu haoni alama hata zikimgonga. Fundi naye akamwambia afungue mdomo kidogo. Akatazama, akasema unasaga meno usingizini, dada, chonge la kulia limelika. Una jambo linalokukera. Mpima Macho akasema ndiyo, limeanza Jumamosi.

Basi wakapendana, kwa njia yao hiyo ya kuchokozana. Miezi mitano walikuwa hawaachani. Alimwita "Dokta wangu" akijua si daktari, naye akamwita "Fundi" kwa sauti ambayo mafundi wengine wa mji ule hawajawahi kuitwa. Walikunywa chai, wakatembea, wakabishana. Kila walipokaa, mazungumzo yalirudi kwa nyati. Dada mkubwa wa Mpima Macho, ambaye walikuwa wanaishi pamoja, alichoka kuwasikia. Alisema hawa wawili wametajwa tayari kwenye Agano la Kale, mmoja na macho yake, mwingine na meno yake, na hakuna aliyetoka salama.

Siku moja, mchana, Mpima Macho alikuwa amekaa chumbani kwa Fundi akimenya chungwa, akainua macho dirishani. Lilikuwa dirisha la vioo vinne, na mbao mbili zilizokatana katikati.

"Unaona," akasema, "hata wewe miaka yote unalala chini ya msalaba."

"Hiyo ni fremu. Seremala aliishiwa kioo kikubwa."

"Ndivyo unavyosema kila siku. Kila kitu kwako kiliishiwa kitu."

Akamlisha pande la chungwa, wakacheka. Nimelitaja dirisha hilo kwa sababu litarudi, na litarudi vibaya.

Kwa nini hakumwambia? Mimi mwenyewe nimejiuliza mpaka nimechoka. Wiki ya kwanza ilikuwa mzaha. Mwezi wa kwanza ukawa ugumu. Baada ya hapo ikawa woga, kwa sababu mtu anayekubishia miezi mitatu juu ya kitabu, kisha ukamwambia kitabu ni chako, ana haki ya kukumwagia chai. Na palikuwa na jambo jingine zito zaidi. Baba yake Fundi alikuwa mchungaji, sasa amestaafu. Mama yao akina Fundi alipofariki, mzee alisimama kaburini akahubiri ufufuo kwa sauti kavu, hakudondosha chozi hata moja. Kijana alikuwa na miaka ishirini na mmoja. Tangu siku ile hakukanyaga kanisani, na yeye na baba yake walibaki wa shikamoo na kwaheri kwenye simu. Alijiapia kwamba chochote atakachokiandika kitakuwa chake, hakitakuwa na neno la mimbarini ndani yake. Halafu akaja mwanamke wa miwani nyekundu na Somo la Sita.

Ndipo wazee wa kanisa la Mpima Macho walipoanza kulalamika. Mnyama anayesema, walisema, ni mambo ya uchawi, na vijana wa kanisa wanayasoma kwa idhini ya mwalimu wao. Aliitwa mbele ya kamati Jumapili baada ya ibada. Akishindwa kujitetea, vitabu vinatoka na darasa anapewa mwingine. Darasa hilo alikuwa amelifundisha miaka sita. Alilianza na vijana wanne waliokuja kwa sababu palikuwa na biskuti, sasa walikuwa thelathini na tatu, na alijua nani hajalipiwa mtihani na nani analala kwa shangazi.

Jumatano, mkahawani, alimweleza Fundi atakavyosema. Atawaonyesha alama zote, moja moja, kisha atawaambia mwandishi huyu ni mwamini, haiwezekani asiwe.

"Usiwaambie hilo," Fundi akasema. "Hujui."

"Najua. Mtu asiyeamini hawezi kuandika lile swali."

"Anaweza."

"Wewe umejuaje?"

Mlango ulikuwa wazi, umewekewa na zulia. Maneno matatu tu, mwandishi ni mimi, yalitosha. Fundi akamgeukia mhudumu akaomba chai nyingine. Ningekuwa karibu ningempiga teke chini ya meza. Akazidi kubisha, akapandisha sauti, Mpima Macho naye akasema siku hizi hajui anabishana na nani, wakaachana bila kuagana vizuri.

Kesho yake mchapishaji alimbembeleza azungumze redioni kwa simu, jina lifichwe, dakika kumi tu. Mtangazaji akauliza kama ni kweli nyati wake ni Kristo, maana watu wa dini wanasema hivyo. Fundi alikuwa hajalala vizuri. Hasira za jana zilikuwa bado mdomoni, na mdomo ukafunguka. Aliona ni saa nane mchana, Mpima Macho yuko kazini, na redio ni kitu kinachopita.

Jumapili ilifika. Mpima Macho alivaa suti ya kijani iliyopigwa pasi mara mbili, nywele amezifunga nyuma, vitabu vitatu kifuani vimejaa vipande vya karatasi. Kamati ilikaa chumba cha nyuma ya madhabahu kwenye viti vya plastiki. Alisema vizuri. Hata aliyekuja amekunja uso alianza kuukunjua, na mama mmoja alifuta macho alipofika kwenye "Wameshakula". Kisha mwenyekiti, mwalimu mkuu mstaafu, mtu mpole kwa kweli, akatoa simu kwenye koti. Akasema mjukuu wake amemrekodia kitu, na kwa haki ni vizuri wote wakisikie.

"Hakuna msalaba wowote kwenye vitabu vyangu," sauti ikasema. "Nyati ni nyati tu. Kuna mpima macho mmoja namfahamu, yeye anaona msalaba mpaka kwenye fremu ya dirisha. Sijui yeye macho yake anapimwa na nani." Mtangazaji akacheka. Kicheko kilikuwa kirefu.

Mpima Macho aliijua sauti kwa neno la kwanza. Dirisha alilijua pia. Watu saba wa kamati walimgeukia mmoja mmoja, kwa kuwa kanisani pale mpima macho alikuwa mmoja tu.

"Binti yetu," mwenyekiti akauliza taratibu, "huyu anakufahamu?"

"Nilidhani hivyo," akasema.

Vitabu vikatolewa. Darasa likapewa katibu. Alitembea mpaka nyumbani kwa miguu, na simu yake ilipoita mara ya tano alipokea.

"Miezi mitano," akasema, "umeniacha namweleza mwandishi kitabu chake mwenyewe."

"Nilitaka kukwambia."

"Lini? Kabla ya kumwambia mtangazaji au baadaye?"

"Nilikasirika, mpenzi. Nisikilize kidogo."

"Usiniite hivyo. Kwamba huamini, hiyo ni yako, nisingekugombeza. Lakini dirisha lile nilikuonyesha wewe. Sikuwaonyesha watu wa redio." Akakata, na hakupokea tena.

Wiki tatu zikapita hivyo. Fundi akipiga, dada mtu anapokea na kusema yupo ila hataki, na yeye dada pia hataki. Akienda dukani, msaidizi anamwambia dokta yuko na mteja, na kupitia mlango wa kioo alimwona amekaa peke yake anapangusa lenzi ambazo zilishapanguswa. Fundi akajitupa kwenye kitabu cha nne. Humo alipanga kumuua nyati moja kwa moja, azikwe, udongo ushindiliwe, yasiwepo tena maneno. Karakanani alitengeneza seti ya meno ya juu yenye meno kumi na matano. Mteja ndiye aliyehesabu.

Jumanne moja asubuhi mzee mmoja aliingia duka la miwani. Alivaa suti ya kahawia ya zamani, kofia mkononi. Mpima Macho akamwamkia, akamkalisha kitini. Mzee akasoma herufi za ukutani kutoka juu hadi mstari wa mwisho bila kukosea hata moja.

"Baba, macho yako ni mazima kuliko yangu."

"Najua, mwanangu. Wenzako wawili wameshaniambia wiki hii, ingawa mmoja aliniuzia miwani." Akatoa mfukoni kitabu kilichochakaa pembe. Kilikuwa Nyati wa Lango, cha kwanza. "Nilimsikia mwanangu redioni. Hawakumtaja jina, lakini mimi sauti yake ndicho kitu pekee alichoniachia. Akamtaja mpima macho kwa hasira nyingi. Huyu mtoto asipompenda mtu hamkasirikii, anamsalimia tu, kama anavyonisalimia mimi. Nikaona nikutafute. Duka lako ni la tatu."

Mpima Macho aliisikia hiyo tatu. Siku nyingine angesema kitu. Leo alivuta kiti akakaa mbele yake, akamwambia kwamba kama amekuja kuhusu zile alama, alikosea, mwandishi mwenyewe ameshasema nyati ni nyati tu.

"Hamuoni, wewe na yeye," mzee akasema. Akaweka kiganja chake ubavuni, upande wa kushoto. "Mke wangu alipasuliwa hapa. Siku mbili hakufumbua macho. Daktari akaniambia nijiandae, nami nikajiandaa, nikatafuta mpaka maandiko ya kumzikia. Asubuhi ya tatu kijana alikuwa amesimama mlangoni pa wodi, ana miaka sita, miguu mitupu, sijui alifikaje. Mama yake akafumbua macho. Hakuniangalia mimi. Akauliza, wameshakula?"

Mpima Macho akavua miwani.

"Anakumbuka?"

"Nadhani hakumbuki. Angekumbuka asingethubutu kuandika." Mzee akakifunga kitabu. "Aliishi miaka kumi na mitano zaidi, yule mama. Alipokufa kweli, nilihubiri bila chozi, na mwanangu akaona simjali. Ile karatasi ya mahubiri ilikuwa tupu. Niliishika tu ili mikono iwe na kitu."

Alipoondoka, Mpima Macho alifunga duka kwa nusu saa, akalia kidogo, akakasirika tena, kisha akapiga simu. Karakanani mashine ya kusaga ilikuwa inanguruma.

"Zima hiyo mashine."

"Nani mwenzangu?"

"Unanijua. Sijakusamehe. Nina swali moja, ukilijibu nakata. Kwa nini nyati anauliza kama wameshakula?"

"Tumeshaongea hili. Kwa sababu wana..."

"Katika maisha yako, Fundi. Nani alikuwa anauliza hivyo?"

Fundi alikuwa ameshika bakuli la plasta mbichi. Plasta hiyo ukiacha kuikoroga inaganda upesi, naye aliacha kuikoroga. Mpima Macho akaona amhurumie. Akamwambia baba yake alikuja kupimwa macho. Akamweleza yote, wodi, ubavu, asubuhi ya tatu, mtoto mlangoni.

"Sikuwa na viatu," Fundi akasema mwishowe. Alikuwa amekaa chini sakafuni, mgongo kwenye kabati. "Sakafu ilikuwa ya baridi sana."

"Ndiyo."

"Nimeandika vitabu vitatu."

"Ndiyo. Kwa hiyo haukuwa msalaba. Nilikosea."

"Na hakuwa nyati," akasema. "Mimi nilikosea zaidi."

Kisha Mpima Macho akamwambia ampigie baba yake sasa hivi, kabla hajapata kisingizio, na kwamba yeye bado amekasirika. Akakata, kama alivyoahidi.

Fundi alimpigia mzee. Waliongea mpaka chaji ya mzee ikaisha, wakaendelea kwa simu ya jirani. Walichosema ni chao, ila najua mzee alilia, kwa sauti, na jirani akamletea maji.

Jumapili iliyofuata Fundi aliingia kanisani kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, akaenda moja kwa moja kile chumba cha viti vya plastiki. Alisema yeye ndiye Mtu wa Kando. Alisema mpima macho aliyemtaja redioni ni mwalimu wao wa vijana, na kwamba aliyekuwa haoni ni yeye. Mwenyekiti akamuuliza, kwa upole ule ule, basi huyu nyati ni Bwana au siye?

"Ni mama yangu," akasema, akawaeleza ile asubuhi ya wodini.

"Na mama yako alijifunza wapi kuamka kifoni na kuuliza habari za chakula cha wenzake?"

Fundi akafungua mdomo kubisha. Akakumbuka benchi la pili upande wa kulia, kila Jumapili, kitambaa cheupe, na mkono uliokuwa ukimpa peremende mahubiri yakizidi urefu. Akasema hajui. Mwenyekiti akaandika kitu kwenye daftari. Darasa likarudishwa kwa mwenyewe. Vitabu vikazuiwa mpaka kamati ivisome, na mpaka leo mwenyekiti anacho cha kwanza, kila akiulizwa anasema hajamaliza.

Mpima Macho alikuwa kwenye kona ya chumba wakati wote, suti ile ile ya kijani. Kutoka pale walitembea pamoja, na alipofika mlangoni kwake akamwambia aje Ijumaa achukue miwani yake, jicho la kushoto haliwezi kungoja zaidi.

Fundi alikuja Ijumaa saa za kufunga, kitabu cha nne, alichomsimulia Jumapili njiani, kwenye bahasha chini ya kwapa. Mpima Macho akamvalisha miwani, akamrekebisha nyuma ya masikio, vidole vikakaa pale kidogo zaidi ya inavyohitajika kazini.

"Amekufa?" akauliza, akiitazama bahasha.

"Nimemuua mara nne. Nikifungua ukurasa wa pili anapumua. Nimemzika, nimeweka na mawe. Nimechoka naye, Dokta, sijui nifanye nini."

Mpima Macho akauma mdomo wa chini kwa lile chonge lililolika. Alikuwa na somo zima la kusema. Akasema, "Pole."

Fundi akatia mkono mfukoni, akatoa kiboksi cha plastiki cha kuwekea meno ya bandia. Ndani palikuwa na pete. Aliitengeneza mwenyewe karakanani, kwa nta kwanza, kisha akamimina yale madini wanayotengenezea vifuniko vya magego. Ilimchukua majaribio matano.

"Kabla hujasema chochote," akasema, "usitafute maana. Ni pete. Nataka unioe, yaani nikuoe, tuoane, vyovyote utakavyotaka kusema. Baba yangu amesema atahubiri na atalia, nimemwonya asizidishe. Nilikukosea mbele za watu na nitaomba radhi mbele za watu mpaka uchoke. Lakini hii ni pete tu."

"Nimekubali," akasema. "Kaa kimya sasa, nivae."

Ilimtosha. Akaipeleka karibu na taa ya kupimia, kama anavyofanya na kila kitu, akaigeuza taratibu. Upande mmoja wa pete palikuwa na kishimo kidogo, kama alama ya kidonda kilichopona. Akakitazama. Akamtazama Fundi. Akafunga mdomo kabisa.

"Ni hewa," Fundi akasema. "Iliingia hewa wakati wa kumimina. Inatokea."

"Sijasema kitu."

"Inatokea sana kwenye madini haya. Ningeweza kukisugua kikaondoka."

"Fundi, nimesema kitu?"

Hakuwa amesema. Fundi akakitazama kile kishimo kupitia miwani yake mipya, kwa jicho la kushoto, muda mrefu.

"Basi sema," akamwambia.